Kikuba Kifike Arusini Kikiwa Kibichi



Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kupenda maua. Toka Tanga mpaka Horohoro, na ng'ambo ya mpaka toka Lungalunga mpaka Mombasa, wanawake wengi wakienda arusini hujipamba kwa kikuba. Kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani yanayonukia. Hufungwa kwa uzi, kisha hubanwa kwenye nguo kwa pini. Ndani yake mna asumini na mrehani, na mara nyingine vipande vya mkadi.

Lakini ipo taabu moja. Kikuba hufungwa asubuhi kikiwa kizuri. Ikifika jioni kimelegea, na maua yamekuwa na rangi ya chai. Mvaaji anaona aibu. Muuzaji anapata hasara.

Hebu tufanye hesabu. Chukua mfano wa mama aliyefunga vikuba 40. Bei ya kikuba kimoja ni shilingi 500. Vyote vikinunuliwa, atapata shilingi 20,000. Basi vikuba 15 vinyauke, nani atavinunua? Atauza 25 tu, apate shilingi 12,500. Amepoteza shilingi 7,500, na kazi yake ya tangu alfajiri imekwenda bure.

Je, hasara hii inaweza kupunguzwa? Inaweza. Kwanza tujue kwa nini ua hunyauka.

SABABU ZA UA KUNYAUKA

Sababu ya kwanza ni kiu. Sehemu kubwa ya ua ni maji. Likiwa mtini, mizizi inalinywesha. Likichumwa, maji yanaendelea kutoka ndani yake, lakini hakuna mengine yanayoingia. Jua na upepo huyatoa maji hayo upesi, kama vile vinavyokausha nguo kwenye kamba.

Sababu ya pili ni joto. Ua lililochumwa bado lina uhai, nalo linapumua. Linapopumua linatumia chakula kidogo lilichojiwekea. Penye joto linapumua haraka zaidi, na chakula kinakwisha mapema. Tena maua yakirundikwa pamoja yanatoa joto lenyewe kwa lenyewe. Tia mkono katikati ya rundo la majani mabichi yaliyolala, utaona.

Sababu ya tatu wengi hawaijui. Ni matunda mabivu na moshi. Ukitaka ndizi mbichi ziive upesi, unafanyaje? Unazifunika pamoja na ndizi mbivu, au unazivumbika shimoni na kuzitia moshi. Ndizi mbivu na moshi vyote vina hewa iitwayo ethilini. Haionekani kwa macho. Hewa hiyo huivisha matunda, na maua mengi nayo huyazeesha. Kwa hiyo kikuba kilichosafiri ndani ya kapu la maembe mabivu kiko hatarini.

KUCHUMA

1. Mwagilia mmea jioni ya kuamkia siku ya kuchuma. Mmea wenye kiu hutoa ua lenye kiu.

2. Chuma asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali.

3. Chuma matumba ya asumini, usichume maua yaliyokwisha chanua. Tumba ni ua ambalo bado limefumba. Chagua matumba makubwa, meupe, yaliyojaa. Hayo ndiyo yatakayochanua jioni ile ile, kifuani kwa mvaaji. Matumba madogo ya kijani yaache mtini, kwa sababu ukiyachuma hayatachanua.

4. Matawi ya mrehani yakate kwa kisu kikali, mshazari, na uyaache na kikonyo kirefu. Yatie katika maji safi kivulini kwa saa moja au mbili ili yanywe yashibe. Majani yanayozama majini yaondoe, maana yataoza.

KUFUNGA

5. Fanya kazi kivulini, kwa mikono safi. Usiyafinye maua. Kila mahali palipofinywa patakuwa na doa la kahawia.

6. Ukitunga asumini kwa sindano, ichome kwenye sehemu ya chini ya ua, ile ya kijani. Usichome sehemu nyeupe.

7. Vikonyo vya mrehani viache vitokeze kidogo chini ya kikuba. Vizungushie pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa. Juu ya pamba funga kipande cha jani la mgomba, ili nguo isilowe. Jani likibabuliwa kidogo motoni na kuachwa lipoe, halipasuki.

Hapo mrehani umepata kisima chake kidogo cha kunywa maji. Wenzetu wa Ulaya nao wana mbinu ya namna hiyo. Wanaume waliokuwa wakivaa ua kwenye ukosi wa koti, baadhi yao walificha kichupa kidogo cha maji nyuma ya ukosi, na kikonyo cha ua kikaingia humo. Hata hapa kwetu, bwana arusi akivaa waridi kwenye koti, kata kikonyo upya, kizungushie pamba yenye maji, kisha kifunge. Waridi litasimama.

KUHIFADHI NA KUSAFIRISHA

8. Tandika jani la mgomba ndani ya kikapu. Panga vikuba bila kuvibana. Vifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu. Tunasema unyevu, si maji yanayotiririka. Maua yaliyolowa chepechepe na kufungiwa mahali pasipo hewa, huoza badala ya kunyauka. Na kumbukeni, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kikapu chetu cha ukili kinatosha, na kinapitisha hewa.

9. Zungushia kikapu gunia lililoloweshwa, ukiweke kivulini mahali penye hewa. Maji yanapokauka kwenye gunia yanaondoka na joto. Hiyo ndiyo siri ya mtungi wa udongo kupoza maji. Gunia likikauka, lilowesheni tena.

10. Wenye friji tahadharini. Mrehani hauwezi baridi kali. Majani yake hugeuka meusi. Mtu anadhani amehifadhi, kumbe ameharibu.

11. Safarini, usiweke kikapu juu ya injini wala juu ya paa la gari. Usikiweke pamoja na ndizi mbivu, maembe au mapapai. Toka Tanga mjini mpaka Horohoro ni zaidi ya kilomita 60, na joto la huku mnalijua. Kama mnapeleka ng'ambo, waulizeni kwanza wakaguzi wa afya ya mimea. Mimea mibichi inayovuka mpaka husimamiwa kwa sheria, ili wadudu na magonjwa ya mazao yasihamie mashamba ya upande wa pili. Ni afadhali kuuliza kabla ya safari kuliko kunyang'anywa kikapu mpakani.

KUVAA

12. Kikuba kiwe kitu cha mwisho kuvaliwa. Fukiza nguo udi kwanza. Jipake manukato kwanza. Kisha ndipo ubane kikuba. Mkifukiza udi kikuba kikiwa tayari kifuani, mnakipa moshi na joto kwa pamoja. Na manukato yenye spiriti yakirushwa juu ya ua hulikausha.

13. Pini ipite kwenye vikonyo vilivyofungwa pamoja, isipite kwenye maua. Bana juu ya nguo, mahali ambapo mtoto unayembeba au mkoba hautakigandamiza. Ukivaa buibui juu yake safari nzima, kitapikwa kwa joto la mwili. Ni vizuri kukichukua mkononi ndani ya kitambaa chenye unyevu, na kukibana ukifika.

TUSIDANGANYANE

Hakuna dawa ya kufanya asumini iishi wiki nzima. Ua lililochanua usiku huu, kesho limekwisha. Ndiyo maumbile yake. Tunachotafuta ni saa chache tu: kikuba kitoke nyumbani kibichi, kifike kibichi, na kinukie mpaka bibi arusi ametoka na watu wamemwona. Saa hizo chache ndizo zinazomwezesha mama yule wa hesabu yetu kuuza vikuba vyake 40 badala ya 25. Kikikauka baadaye, msikitupe. Kitieni sandukuni kwenye nguo, bado kina harufu kidogo.

JARIBIO

Msituamini hivi hivi. Chumeni matumba sita ya asumini ya mti mmoja, kwa wakati mmoja. Mawili yawekeni juani. Mawili yawekeni ndani ya chombo kilichofunikwa pamoja na ndizi mbivu. Mawili yafungeni katika kitambaa chenye unyevu, kivulini. Yatazameni saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Andikeni katika daftari mlichokiona kila mara.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Taja sababu tatu za ua kunyauka.
2. Kwa nini tunachuma matumba, na si maua yaliyochanua?
3. Mama amefunga vikuba 60. Bei ya kimoja ni shilingi 500. Vikuba 18 vimenyauka. Amepoteza shilingi ngapi?
4. Wazee wetu walihifadhije vikuba kabla ya friji? Waulizeni bibi zenu, na mwandike majibu yao.