Jikokoa: Jiko la Ruiru lilivyovuka mipaka kwa hesabu ya mkebe

Kamere, kando ya barabara ya South Lake kule Naivasha, saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya makaa. Mabasi ya mashamba ya maua yameshusha watu, majiko yametolewa nje ya milango ya ploti, na kwa anayeuza makaa kwa mkebe kuna foleni. Gunia ni la wenye hoteli. Wengine wote wananunua ya leo, ya kesho watajipanga.

Mkebe ndio unaomaliza mtu. Jumlisha mikebe ya mwezi mzima uone kama hungenunua gunia na chenji ikabaki. Lakini pesa ya gunia haiji kwa mpigo. Inakuja kidogo kidogo, na hivyo hivyo ndivyo inavyotoka. Ukielewa hilo, utaelewa jinsi kampuni ya majiko yenye kiwanda Ruiru ilivyopanda hadi kuuza Tanzania, Uganda, Ghana na Nigeria kwa miaka kumi na kitu tu.

Kampuni yenyewe ni BURN. Mwanzilishi wake, Peter Scott, aliingilia mambo haya kupitia misitu: mwaka wa 1990 alizuru Zaire, Kongo ya leo, akaona miti ilivyofyekwa, na tangu hapo akashika kazi ya kubuni majiko yanayokula kuni na makaa kidogo. Jikokoa lilianza kuuzwa Kenya 2013. Mwaka uliofuata kiwanda cha Ruiru kikafunguliwa, baadhi ya mtaji ukitoka kwa General Electric na OPIC, shirika la serikali ya Marekani lililokuwa likifadhili wawekezaji wake nje. Jina nalo halihitaji mkalimani. Jiko, okoa, basi.

Haki itendeke lakini: Kenya haikuwa imekaa ikingoja jiko kutoka ng'ambo. Lile jiko la bati na udongo lenye kiuno chembamba, ambalo nyanya yako anaona limekuwepo tangu Adamu, ni la miaka ya 1980. Wabunifu, Max Kinyanjui akiwa mmoja wao, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalibadilisha lifae mapishi ya hapa. Kiuno kile si urembo, kinalisaidia jiko lisipinduke ukisonga ugali. Halikufungiwa na hataza ya mtu, kwa hivyo mafundi wa jua kali, kuanzia Shauri Moyo pale Nairobi, walilinakili wakalieneza nchi nzima. Hakuna kampuni iliyotajirika nalo, ila limelisha mafundi wengi sana. Sijui kwa nini hadithi hiyo haifundishwi shuleni kwa fahari zaidi.

BURN ilishika njia tofauti: kiwanda, mashine, kila jiko kipimo kilekile. Ndani kuna chumba kidogo cha chuma kinachostahimili moto mkali, kimezungushiwa sufi ya kauri ili joto lisitoroke pembeni. Udogo wa chumba ni wa makusudi. Makaa machache yanawaka vizuri, na joto linaenda kwa sufuria badala ya kupasha hewa ya Naivasha.

Kikwazo kilikuwa bei. Jiko la jua kali ni mia kadhaa. Jikokoa lilikuwa dola 40, takriban Sh4,000, wakati wanauchumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walipofanya utafiti na familia karibu 1,000 Nairobi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2022, yanafaa kubandikwa ukutani. Waliopata jiko walipunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 39. Kwa miaka miwili hiyo ni dola 237, zaidi ya Sh20,000 kwa bei ya dola ya wakati ule. Ila ukiuliza familia zilikuwa tayari kulipa ngapi kwa jiko hilo, jibu ni wastani wa dola 12.

Usikimbilie kusema watu hawajui hesabu. Watafiti walijaribu kuwakumbusha faida, na hamu ya kununua haikuongezeka. Walipowapa mkopo wa kulipa polepole, kiasi ambacho watu walikubali kulipa kilizidi mara mbili. Watu wa mkebe wanajua hesabu vizuri sana, kile hawana ni elfu nne za pamoja.

Kwa hivyo kwa kampuni kama hii, kubuni jiko zuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpata wa kulipa tofauti. Jibu moja ni lipa mdogo mdogo. Jibu kubwa zaidi ni kaboni. Makaa usiyochoma yanahesabiwa kama hewa chafu ambayo haikupanda angani, hesabu inageuzwa hati, hati inauzwa kwa kampuni ya ng'ambo inayotaka kufidia moshi wake, na pesa zinazorudi zinashusha bei ya jiko. Mwaka wa 2023 BURN ilifika hadi soko la mitaji, ikakopa dola milioni 10 kupitia hatifungani ya kijani.

Hapo kuna maswali. Mapema 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya majiko ya kampuni mbalimbali duniani wakasema hati zilizotolewa ni takriban mara tisa ya hewa chafu iliyookolewa kweli. Wenye miradi walipinga vikali. Mimi sina neno na jiko kushuka bei, lakini moshi ambao mama wa Kamere hakuutoa ukishakuwa bidhaa, naye aambiwe umeuzwa kwa nani na kwa ngapi.

Na tusidanganyane, Jikokoa bado ni jiko la makaa. Usiku wa baridi usiliingize chumbani ukafunga dirisha. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na haijali jiko lako lilitoka Ruiru au Shauri Moyo.

Ndiyo maana sasa BURN inauza pia jiko la stima, ECOA, linalopasha chuma cha sufuria moja kwa moja. Kwa Kamere hii ni hadithi ya ajabu kidogo. Olkaria iko hapo nyuma tu. Mvuke wake ulianza kuzalisha stima 1981, na leo mvuke wa ardhini unaipa Kenya takriban asilimia 40 ya umeme wake. Stima inapita juu ya vichwa vya watu ikienda Nairobi, chini yake watu wanapepea makaa.

Lakini kuna ploti ambazo mita ni moja kwa vyumba vyote, na ukionekana na koili mwenye nyumba anakupa notisi. Halafu kuna sufuria. Hizi zetu nyingi ni alumini, na jiko la aina hiyo haliipashi alumini, linataka chuma. Kabla hujatoa hata deposti, chukua sumaku uiguse kwenye tako la sufuria yako. Isiposhika, bajeti ya sufuria pia.