Orodha za Ndege wa Afrika ya Mashariki na Suala la Majina

Orodha ya ndege wa nchi hudhaniwa na wengi kuwa kazi ifanywayo mara moja ikaisha. Sivyo. Chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho leo chajulikana kwa jina la Nature Kenya, kilitoa chapa ya tano ya orodha yake ya ndege wa Kenya mwaka 2019. Na tangu hapo baadhi ya majina yamekwisha badilika. Ndege ni wale wale. Kilichobadilika ni ujuzi wa wataalamu juu ya nasaba zao. Yafaa kueleza jinsi mabadiliko hayo yatokeavyo, na jinsi yanavyomhusu mtunga kamusi wa Kiswahili.

Jina la kitaalamu lina maneno mawili: la kwanza hutaja jenasi, la pili hubainisha spishi. Utaratibu huu, kwa upande wa wanyama, huhesabiwa tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Kwa kuwa neno la kwanza ni tamko la nasaba, kila rai mpya juu ya nasaba hulibadili jina lenyewe.

Mfano mwema ni yangeyange yule afuataye ng'ombe malishoni. Linnaeus alimwita Ardea ibis. Katika karne ya 19 alitengwa katika jenasi ya Bubulcus, neno la Kilatini lenye maana ya mchunga ng'ombe, akakaa humo muda mrefu. Katika miaka hii, baada ya chembe za urithi kuchunguzwa, amerudishwa katika Ardea. Hata mabano yana habari ya kusimulia: katika Bubulcus ibis jina la Linnaeus na mwaka wake huandikwa ndani ya mabano, kuonyesha kwamba spishi imehamishwa kutoka jenasi yake ya asili, katika Ardea ibis mabano huondolewa, kwani ndege amerudi kwao.

Jambo jingine litamvutia mwanafunzi wa lugha za Kibantu. Neno la pili likiwa kivumishi cha Kilatini, sharti lipatane na jenasi, mfano wa upatanisho wa ngeli. Yangeyange mkubwa huitwa Ardea alba; alipowekwa katika Casmerodius aliitwa albus. Ni weupe ule ule, ila kiishio kimefuata nomino, kama vile Kiswahili kisemavyo mtu mweupe na kitu cheupe. Neno ibis halibadiliki, maana ni nomino.

Sababu ya pili ya marekebisho ni kugawanywa kwa spishi. Mbuni alihesabiwa kuwa mmoja. Sasa orodha hutenga Struthio camelus, ambaye dume lake katika Kenya na Tanzania lina shingo na miguu ya rangi ya waridi, na Struthio molybdophanes wa nchi kavu za kaskazini-mashariki, mwenye shingo na miguu ya kijivu-buluu. Huyu wa pili alikwisha elezwa na Reichenow mwaka 1883, lakini kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa tawi tu la yule wa kwanza.

Sababu ya tatu ni ugeni. Kunguru wa Bara Hindi, Corvus splendens, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 na baadaye akaenea pwani. Kabla yake, neno kunguru mjini lilitosha kumtaja yule mwenye kifua cheupe. Sasa lahitaji sifa ya kupambanua.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mabishano ya maneno matupu. Milima ya Taita yatoa jibu. Humo yumo ndege mdogo wa msituni, Apalis fuscigularis, asiyepatikana penginepo duniani. Moreau alipomweleza mwaka 1938, hakumfanya spishi ya peke yake. Maadamu alihesabiwa kuwa nususpishi ya ndege aliyeenea hadi Afrika ya Kusini, upungufu wake haukuonekana katika hesabu ya dunia. Alipohesabiwa kuwa spishi, ilidhihirika kwamba yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mstari mmoja wa orodha waweza kuamua kama msitu utaangaliwa au utasahauliwa.

Mwaka 2025 ilitolewa orodha ya dunia iitwayo AviList, yenye spishi 11,131, kwa nia ya kupatanisha orodha kuu zilizokuwa zikihitilafiana. Hata hiyo itarekebishwa. Je, majina ya Kiswahili nayo yafuate? Hapana. Jina la kitaalamu hudai kueleza nasaba. Jina la Kiswahili hutaja ndege kama ajulikanavyo na wasemaji. Furukombe ameitwa Falco, kisha Haliaeetus, na sasa Icthyophaga. Kwa mvuvi angali furukombe. Spishi ikigawanywa, latosha kuongeza sifa, kama mbuni wa Kisomali, bila kulitupa jina la asili.

Hatari iliyopo ni nyingine. Kamusi zetu aghalabu hueleza jina kwa maneno "aina ya ndege" na kuishia hapo. Mzee aliyelijua jina akifa, huachwa neno lisilo na ndege, na ndege asiye na neno. Yapasa, basi, kila jina liandikwe pamoja na mahali liliposikiwa, lahaja yake, sura na sauti ya ndege, na jina la kitaalamu likifuatwa na mwaka wa orodha iliyotumika. Jina la kitaalamu likibadilika, mwaka ule utamwongoza msomaji hadi kwa ndege yule yule. Kazi hiyo haingoji wataalamu wamalize mabishano yao. Yawangoja wale wanaoyajua majina, wangali hai.