Kwa Nini Seli za Zailemu Hufa Ndipo Zisafirishe Maji?

Kwa kawaida seli ikifa, kazi yake hukoma. Seli za mishipa ya zailemu ni tofauti: huanza kusafirisha maji zikishakufa. Kifo hiki si ugonjwa wala ajali. Seli yenyewe hukiandaa kwa kufuata maelekezo ya jeni zake.

Hatua za mabadiliko
1. Seli changa hurefuka. Bado ina kiini, saitoplazimu na vakuoli kubwa.
2. Seli hujenga ukuta wa pili wa selulosi, mara nyingi wenye umbo la pete au msokoto. Ukuta huo huimarishwa kwa lignini.
3. Vimeng'enya hukusanyika ndani ya vakuoli.
4. Utando wa vakuoli hupasuka. Vimeng'enya humwagika na kumeng'enya kiini na saitoplazimu.
5. Kuta za mwisho hutoboka. Seli zilizopangana wima huwa bomba moja lisilo na kizuizi.

Zingatia mfuatano
Ukuta hujengwa kabla ya kifo, kwa sababu seli iliyokufa haiwezi kujijengea ukuta. Majani yanapopoteza maji kwa mvuke, maji ndani ya zailemu huvutwa kwenda juu. Mvuto huo ungebonyeza kuta laini zikutane, kama mrija wa soda unavyobonyea ukinyonywa kwa nguvu. Lignini huzuia hali hiyo.

Ushahidi
Mwaka 1980, Hiroo Fukuda na Atsushi Komamine wa Japani walionyesha kuwa seli zilizotengwa kutoka majani ya zinia, ua la bustani, zikikuzwa pamoja na homoni za oksini na saitokinini, nyingi hugeuka kuwa seli za aina ya zailemu katika siku chache. Hujenga kuta zenye lignini, kisha hufa, ingawa haziko tena ndani ya mmea.

Angalizo
Usichanganye zailemu na floemu. Mirija ya floemu hupoteza kiini lakini hubaki hai, ikisaidiwa na seli jirani.

Swali: Eleza faida mbili za kifo cha seli za mishipa ya zailemu.
Jibu: (a) Uwazi hubaki ndani, hivyo maji hupita bila kuzuiwa na saitoplazimu. (b) Mishipa haihitaji chakula wala oksijeni ili kupitisha maji, hivyo mmea huokoa nishati.