Kompyuta ndogo ya nyumbani: ununue ikiwa tayari au uiunde mwenyewe?

Soko la vifaa vya kompyuta limegeuka. Kwa miaka mingi mnunuzi aliyekuwa na subira ndiye aliyepata nafuu, kwa sababu kifaa kile kile kilishuka bei kila msimu. Tangu nusu ya pili ya mwaka 2025 mambo yamekwenda kinyume kwa bidhaa moja ambayo hakuna kompyuta inayoweza kufanya kazi bila yake: memori.

Sababu yake si ya hapa. Viwanda vitatu vinavyoshika sehemu kubwa ya soko la dunia, yaani Samsung na SK Hynix vya Korea Kusini na Micron ya Marekani, vimeelekeza nguvu kwenye memori za mitambo ya akili bandia, ambako faida ni kubwa zaidi. Mwezi Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inajitoa katika biashara ya rejareja iliyokuwa ikiifanya kwa jina la Crucial. Memori za aina ya zamani, DDR4, nazo zilikuwa zimeanza kupanda tangu katikati ya 2025, baada ya viwanda hivyo kuanza kupunguza utengenezaji wake.

Kwa mwenye duka wa Mlandege anayetaka mashine ya kuwekea hesabu, au mzazi wa Mji Mkongwe anayemtafutia mwanawe kompyuta ya masomo, habari hii ina maana moja. Mpango wa mwaka juzi haufai tena. Hesabu ipigwe upya kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Njia tatu zilizopo

Njia ya kwanza ni kununua kompyuta ya mkononi. Ina betri yake, jambo jema penye umeme wa kukatika, lakini ikiharibika mara nyingi hutengenezwa kwa gharama kubwa.

Ya pili ni mashine ndogo ya ofisi iliyokwisha kutumika, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre za umbo dogo. Hizi ndizo rahisi kuliko zote, na kwa kazi za barua na hesabu zinatosha. Mtego uliopo ni umri wake. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haizikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Mnunuzi asome namba: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, na i5-10500 ni cha 10. Mashine ya kizazi cha 6 si takataka, kwani Linux hufanya kazi juu yake vizuri, lakini haistahili kulipiwa bei ya kizazi cha 8.

Ya tatu ni kuiunda mwenyewe kwa vifaa vipya. Haishindi ile iliyotumika kwa urahisi wa bei. Faida yake ni kwamba kila kipande kinajulikana, kinaweza kubadilishwa peke yake, na mwenye mashine huwa fundi wake wa kwanza. Anayetaka kukaa na mashine miaka mitano ana sababu ya kuifikiria. Anayeihitaji kwa mwaka mmoja hana.

Kugawa bajeti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa mtu mwenye shilingi 1,500,000, ambaye tayari ana televisheni ya kutumia kama skrini, kibodi na kipanya. Tarakimu zifuatazo si bei za duka lolote. Ni njia ya kugawa tu:

Kasha dogo pamoja na mazabodi na adapta yake: 500,000.
Prosesa yenye picha ndani yake: 350,000.
Memori ya GB 16: 300,000.
Diski ya SSD ya GB 500: 150,000.
Akiba ya usafiri, kodi na kinga ya umeme: 200,000.

Kwa mgawanyo huu, memori ikipanda kwa nusu ya bei, akiba ya 200,000 inabaki 50,000. Hapo ndipo wengi hukwama. Vifaa vimeshanunuliwa vinne, cha tano hakipatikani kwa fedha iliyobaki, na mtaji umelala kabatini.

Kwa hiyo memori ndiyo iulizwe bei kwanza. Lakini isinunuliwe miezi kadhaa kabla ya vifaa vingine bila kujaribiwa, maana muda wa kurudisha bidhaa utapita ikiwa bado imo ndani ya pakiti. Mwenye rafiki mwenye mashine ya aina hiyo aiombe kwa saa moja aijaribie. Asiye na rafiki wa namna hiyo anunue vyote kwa mkupuo mmoja.

Fedha ikiwa haba, anza na kipande kimoja cha GB 8 na uache nafasi ya pili wazi. Mashine itakuwa nzito kidogo, hasa kwa picha, kwa sababu picha za prosesa ya namna hii hutumia memori hiyo hiyo na hupenda vipande viwili. Hata hivyo itafanya kazi, na kipande cha pili kitaongezwa siku ya nafasi.

Mfano mmoja wa mashine

Kasha la ASRock DeskMini X300 lina upana wa milimita 155 kwa 155 na kimo cha 80. Halizidi lita mbili. Linauzwa likiwa na mazabodi ndani, na hutumia adapta ya nje ya volti 19, mfano wa ile ya kompyuta ya mkononi. Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, inaingia humo na ina picha zake, hivyo kadi ya picha haihitajiki.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Memori yake ni ya DDR4 ya umbo dogo, kama ya kompyuta ya mkononi, na ile ndefu ya mezani haiingii. Feni ya prosesa isizidi kimo cha milimita 46, la sivyo kasha halifungi. Tena, kasha lililokaa sana ghalani huenda lina bayosi ya zamani isiyoitambua 5600G, kwa hiyo muuzaji aulizwe kabla ya kulipwa. Kuhusu SSD, prosesa hii haifiki kasi ya diski za kizazi cha nne, na kulipia kasi hiyo ni kutupa fedha.

Anayetaka nafasi zaidi ataangalia mazabodi za mini-ITX, zenye milimita 170 kwa 170. Zile za micro-ATX, za milimita 244 kwa 244, mara nyingi ni nafuu zaidi, lakini kasha huwa kubwa.

Umeme, chumvi na mawe

Wafanyabiashara wa Unguja hawajasahau mwezi Mei 2008, kisiwa kilipokaa kiasi cha mwezi mmoja bila umeme wa Tanzania Bara, wala giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa baharini wa megawati 100, uliofadhiliwa na Marekani na kukamilika mwaka 2013, umepunguza hofu hiyo. Kukatika kwa muda mfupi na kupanda na kushuka kwa volti ni habari nyingine. UPS ndogo isihesabiwe kuwa anasa, na wakati wa masika, radi zinapopiga, plagi ichomolewe.

Kwa matumizi, mashine ndogo ina nafuu. Ikila wati 60 kwa saa nane kila siku, inatumia chini ya nusu uniti kwa siku, yaani uniti 14.4 kwa mwezi wa siku 30. Mwenye mita ya Tukuza anaweza kuzidisha kwa bei ya uniti yake na kuona mwenyewe.

Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula shaba. Mashine isikae dirishani upande wa Forodhani au Shangani. Iwekwe mbali na ukuta unaotoa unyevu, na iwashwe mara kwa mara, kwa kuwa joto lake hukausha unyevu ndani. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa zinazozuia mawimbi ya intaneti. Waya wa mtandao kutoka chumba hadi chumba utafaa kuliko kununua kifaa ghali zaidi.

Bandari na kodi

Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini. Leo mambo ni tofauti kabisa. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kompyuta imewekwa kwenye kundi la asilimia 0. Asilimia 0 ya ushuru haina maana ya kutokulipa chochote. Kodi ya ongezeko la thamani, gharama za bandari na ujira wa wakala vipo, na adapta au UPS inaweza kuangukia kundi jingine. Wakala wa forodha aulizwe kipande kwa kipande, na risiti zitunzwe, iwe mzigo umetoka Dubai au umepanda boti kutoka Dar es Salaam. Bei ya Dubai ilinganishwe na ya Darajani baada ya kuongeza yote hayo, pamoja na gharama ya kurudisha kifaa kibovu.

Kwa mwekezaji mdogo

Wapo vijana wenye ufundi wanaofikiria kuunda mashine na kuziuza. Biashara ipo, lakini asijaze ghala la memori akitegemea bei iendelee kupanda. Bidhaa hii ina historia ya mawimbi: ilikuwa ghali 2017 na 2018, ikaanguka 2019, na 2023 ilikuwa chini sana. Viwanda vikiongeza uzalishaji, mwenye shehena ndiye atakayebaki na hasara.

Njia salama ni kuunda kwa oda. Mteja atoe malipo ya awali yanayofunika memori na prosesa, bei iandikwe kuwa ni ya siku chache tu, na dhamana iandikwe kipande kwa kipande. SSD zipimwe uwezo wake kwa programu kabla ya kukabidhiwa, maana zipo zinazoandikwa namba kubwa kuliko zilizonayo.

Kwa ufupi: mwenye haja ya haraka na fedha chache achukue mashine ya ofisi iliyotumika, isiyopungua kizazi cha 8. Mwenye mpango wa miaka aunde, aanze na bei ya memori, na akiba yake asiiguse mpaka mashine iwake.