Hazina ya Wilaya Inapokauka



Duka likifilisika unaliona. Rafu ni tupu, mlango umefungwa, wanaodai wamekaa barazani. Halmashauri ya wilaya ikifilisika huoni mambo hayo. Ofisi inafunguliwa asubuhi kama kawaida. Bendera inapandishwa. Makarani wamekaa mezani. Lakini zahanati haina dawa, gari la wagonjwa halina mafuta, na kalvati lililobomolewa na mvua za masika linakaa hivyo hivyo mpaka masika mengine yanafika.

Kufilisika ni kudaiwa zaidi ya uwezo wako wa kulipa. Halmashauri inaweza kudaiwa na fundi aliyejenga darasa. Inaweza kudaiwa na mwenye duka aliyetoa saruji kwa mkopo, au na mwalimu aliyehamishwa bila kulipwa fedha za uhamisho. Katika nchi za mbali mambo haya hutangazwa wazi. Jiji la Detroit, Marekani, lilikwenda mahakamani mwaka 2013 kuomba kulindwa na wadai wake. Jiji la Birmingham, Uingereza, lilitangaza mwaka 2023 kwamba fedha zake hazitoshi.

Kwetu Tanzania haikuwa hivyo. Halmashauri zetu ziliwahi kukaukiwa kimya kimya, kisha zikafutwa nchi nzima. Habari hii inafaa kujulikana na kila mtu anayelipa ushuru mnadani au mwaloni.

Baada ya Uhuru, utawala wa watemi ulikomeshwa. Halmashauri za wilaya zikachukua kazi. Zilipewa shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini, masoko na visima. Wananchi walitaka vitu hivyo upesi, na walikuwa na haki kuvitaka. Kila kijiji kilitaka shule. Lakini darasa likijengwa leo, hata kama wananchi wamefyatua matofali wenyewe, kesho linataka mwalimu, na mwalimu anataka mshahara kila mwezi. Gharama ya kujenga huja mara moja. Gharama ya kuendesha haiishi.

Fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwa sehemu kubwa katika kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Huku Kanda ya Ziwa zao lenyewe lilikuwa pamba. Ushuru wa pamba ulikuwa rahisi kukusanya, kwa sababu mkulima alikatwa wakati wa kuuza. Pamba ikiwa nyingi na bei nzuri, halmashauri ilishiba. Jua likiwaka, au bei ikishuka huko ng'ambo, hazina ilishuka siku hiyo hiyo. Walimu hawakupungua kwa sababu mvua imepungua.

Kodi ya kichwa nayo ilikuwa na taabu zake. Watu waliichukia tangu enzi za mkoloni. Wengine walikwepa. Wengine walilipa, lakini fedha ziliishia mfukoni mwa mkusanyaji. Basi mwaka 1969 Serikali iliifuta kodi hiyo, na mwaka 1970 ikafuta ushuru wa mazao. Wananchi walifurahi, na nani asingefurahi? Serikali Kuu ilichukua sehemu kubwa ya gharama za shule, afya na barabara. Lakini halmashauri sasa ilikuwa kama mtu aliyenyang'anywa jembe, halafu anangoja kuletewa unga na jirani.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa. Za miji zikafuata mwaka 1973. Mpango mpya uliitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri. Lakini waliokuja kuamua mambo walikuwa maofisa walioletwa na Serikali, na diwani uliyemchagua hakuwapo tena. Kama mtaro umeziba, ungemlalamikia nani?

Miji ndiyo iliyoonyesha ubaya kwanza. Takataka zilirundikana na mitaro ikaziba. Kipindupindu kilipozuka nchini mwaka 1977, miji haikuwa na halmashauri zake za kusimamia usafi. Mwaka 1978 sheria ilitungwa ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kurudisha halmashauri zote, na mwaka 1984 zikaanza kazi upya. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alisema kwamba, kama angeanza upya, yapo mambo ambayo asingeyafanya. Alitaja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Kiongozi mkubwa kusema hivyo mbele ya dunia si jambo dogo.

Je, baada ya 1984 taabu ilikwisha? Haikwisha. Ilikuja kodi ya maendeleo, na wengi wenu mnaikumbuka. Mgambo waliweka vizuizi barabarani. Watu wazima walikimbilia vichakani siku ya mnada. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo. Wenzetu tunaochangia nao ziwa wamepitia njia hiyo hiyo. Kenya ilifuta kodi yake ya namna hiyo mwaka 1974, na Uganda mwaka 2005. Kila mahali sherehe ilikuwa ya siku moja, kisha likabaki swali: pengo litazibwa na nini?

Hapa Mwanza wengi walitazama ziwani. Viwanda vya minofu ya sangara vilileta fedha na kazi. Lakini mwaka 1999 nchi za Ulaya zilifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na wavuvi wabaya. Samaki akikosa soko, mwaloni hakuna biashara, na pasipo biashara hakuna ushuru. Ni kisa kile kile cha pamba, ila sasa kimevaa magamba.

Sasa tutazame hesabu yenyewe. Tuseme halmashauri imekisia kukusanya shilingi 100 kwa mwaka. Imepanga kutumia zote 100. Mwaka unakwisha, imekusanya 60. Lakini fundi amekwisha kujenga, saruji imekwisha kuchukuliwa kwa mkopo. Zile 40 zinakuwa deni. Mwaka wa pili halmashauri inakisia 110, ili deni lionekane litalipika. Inakusanya tena 60. Hakuna aliyeiba hata senti hapo, lakini shimo limechimbwa. Makisio ya kujifurahisha ni hatari kama wizi, ingawa hayampeleki mtu mahakamani.

Wizi nao upo, tusifichane. Siku hizi ushuru hukusanywa kwa mashine ndogo ya mkononi inayotoa risiti. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara nyingi kwamba fedha zimekusanywa kwa mashine hizo na hazikufika benki. Ukilipa bila kuchukua risiti, fedha yako haikuingia hata kwenye mashine, na mkaguzi hana pa kuitafuta.

Vyanzo vingine vimepungua kwa sheria. Mwaka 2016 kukusanya kodi ya majengo kulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 mwenye umeme huilipa anaponunua LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa chakula. Mkulima alipata nafuu ya kweli, nasi hatusemi arudishiwe mzigo. Tunasema halmashauri yake lazima ipange matumizi kwa fedha iliyopo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Mwaka 2012 Jiji la Mwanza liligawanywa, na Manispaa ya Ilemela ikaanzishwa. Halmashauri zinapogawanywa watu hushangilia ofisi mpya. Wachache huuliza madeni ya zamani yatabebwa na upande gani.

Wewe unaweza kuuliza. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nawe una haki ya kusomewa mapato na matumizi ya kijiji hapo. Kwa hesabu za wilaya, mwulize diwani wako. Kikao cha Baraza la Madiwani ni cha wazi, na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Ukipata karatasi ya hesabu, usihangaike na kurasa zote. Tafuta safu mbili: iliyokisiwa na iliyokusanywa. Kisha tafuta mstari wa madeni, uone kama umekua tangu mwaka jana.