Fahamu: Namna ya Kumnusuru Salamanda Majira ya Baridi

Salamanda, ambaye kwa umbo hufanana na mjusi lakini kwa nasaba yu jamaa wa chura, hapatikani katika mwambao wetu. Lakini katika misitu ya mashariki ya Marekani yumo mmoja, mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye theluji ikaribiapo hukabiliwa na hatari ya mauti.

Huokokaje?

Kwa kuwa ngozi yake sharti idumu na unyevu, na mwili wake haustahimili kuganda, hujisitiri chini ya ardhi, mahali jalidi isipofika. Naye, kwa kuwa si hodari wa kuchimba, huingia katika mashimo ya panya, akatulia humo hata mvua za mwisho wa baridi zimwite kwenye vidimbwi vya kuzalia.

Tumsaidieje?

Hisani iliyo bora ni kumhifadhia makazi yake: majani makavu yasifagiliwe, magogo yaozayo yasiondolewe, wala mashimo yasizibwe. Aliyemfukua pasipo kukusudia amrudishe taratibu palepale, kwa mikono safi iliyoloweshwa maji, wala asimchukue nyumbani kwenye joto, ambalo humwamsha kabla ya wakati na kumaliza akiba yake ya shahamu.

Mjini Amherst, Massachusetts, mwaka 1987, zilijengwa njia mbili chini ya barabara ili salamanda watokao mafichoni wavifikie vidimbwi kwa salama. Dalili ya kwamba binadamu, akiwa na huruma, aweza kumpisha hata kiumbe dhaifu asiye na sauti.