Je, wajua? Maji ya Bagamoyo yana hesabu yake

Je, wajua kwamba kupwa na kujaa kwa bahari ni somo zima la hesabu za chuo kikuu?

Maji yakipwa Bagamoyo, mashua hulala ubavu mchangani na watu huzifuata kwa miguu. Saa sita na ushei baadaye zinaelea. Toka kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mvuvi hulijua hilo kwa mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua linakuja, maji yakijaa na kupwa sana; ukiwa nusu, ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana.

Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliyaandika hayo kwa milinganyo tofautishi katika miaka ya 1770. Kimo cha maji hubadilika kwa mahali na kwa wakati pia, kwa hiyo ni lazima kwanza kujifunza kalkulasi ya vigeu vingi: unakibadilisha kimoja, vingine unavishikilia vilivyo, unaona kimo kimekwenda wapi. Hapo ndipo wengi hukwama, na si kwa uvivu. Mara nyingi hawajaonyeshwa kinachobadilika.

Na hesabu za chuo kikuu zilifika karibu na maji yenyewe: mwaka 2014 Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati (AIMS) ilifungua kituo chake cha Tanzania papo hapo Bagamoyo.

Nawe unayeanza somo hili, chomeka kijiti ufukweni, chukua saa, andika kimo cha maji kila baada ya nusu saa, ujionee kinachobadilika.